Dada Si Mama: Tusiwabebeshe Watoto Wakubwa Mzigo Wetu



Mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya sitaanza na jina la ugonjwa. Nitaanza na chupa ya chai.

Ilikuwa siku ya Jumamosi. Kitinda mimba wetu alikuwa na mwaka mmoja na miezi saba, umri ule ambao ukimweka mtoto hapa, unamkuta kule. Baba yao alikuwa kazini. Kaka yao wa miaka saba alikuwa amekwenda kuchota maji. Mimi nilikuwa natoka kwenda mashineni kusaga mahindi. Nikamwambia binti yangu wa kwanza, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi: "Mwangalie mdogo wako, na maharage yasiungue. Nakuja sasa hivi."

Hiyo "sasa hivi" yangu ikawa saa moja na nusu, kwa kuwa foleni mashineni ilikuwa ndefu.

Niliporudi nilisikia kilio kabla sijafika uani. Mtoto alikuwa amevuta kitambaa cha meza, chupa ya chai ikaanguka, na kizibo chake hakikuwa kimekazwa. Mkono wa kulia na sehemu ya kifua vilikuwa vimebabuka. Jirani mwema alikuwa amekwisha kumpaka dawa ya meno. Nami, kabla hata sijamchukua mtoto mikononi, nilimzaba kofi binti yangu. "Nilikuacha hapa ufanye nini?" nikamfokea.

Tulipofika zahanati, muuguzi aliiondoa ile dawa ya meno taratibu huku mtoto akilia. Akaniuliza: "Nani alikuwa na mtoto?" Nikajibu: "Dada yake." Akauliza tena: "Ana umri gani?" Nikasema: "Miaka kumi." Hakunigombeza. Aliandika kwenye kadi, kisha akasema: "Basi, mama, mgonjwa mmoja umemleta, mwingine umemwacha nyumbani."

Jioni ile nilimkuta binti yangu amekaa nyuma ya nyumba. Aliniambia maneno machache tu: "Mama, nilikuwa nimegeuka kuchochea moto. Ulisema maharage yasiungue."

Ndugu msomaji, mdogo alipona, ingawa kovu lipo mpaka leo. Lakini maneno ya dada yake sijayasahau. Nilikuwa nimempa mtoto wa miaka kumi kazi mbili kwa wakati mmoja, kazi ambazo hata mimi mtu mzima zinanishinda kuzifanya pamoja. Aliposhindwa moja, nikampiga. Ndiyo maana naandika makala hii. Nasema wazi kwamba mtoto mkubwa anaweza kutusaidia kumwangalia mdogo wake, lakini hawezi kubeba dhamana ya usalama wake. Dhamana hiyo ni yetu sisi wazazi.

MTUNDU AU MZIMA?

Wengi wetu mtoto anapoanza kutembea tunasema, "Huyu ni mtundu kupita kiasi." Tunamlinganisha na kaka yake aliyekuwa mpole. Wengine hufika mahali pa kuuliza kama kuna dawa ya kumtuliza. Wapendwa, mara nyingi huyo mtoto hana ugonjwa wowote. Yuko kazini. Kazi yake ni kuujua ulimwengu kwa mikono, kwa miguu na kwa mdomo. Akichukua kijiko akakitupa mara kumi, anajifunza kwamba kitu kikiachwa kinaanguka. Akivuta kitambaa cha meza, anajifunza kwamba kilicho juu kinaweza kuja chini. Hajui kwamba kilicho juu ni chai ya moto.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu watoto wenye umri chini ya miaka mitano. Mwongozo huo unasema kwamba mtoto wa mwaka mmoja hadi minne anahitaji kutembea, kukimbia, kupanda na kucheza kwa muda usiopungua dakika 180 kwa siku. Hizo ni saa tatu nzima! Unasema pia kwamba asifungwe mahali pamoja, hata mgongoni kwa mbeleko, zaidi ya saa moja mfululizo. Na mtoto wa mwaka mmoja haifai kuwekwa mbele ya televisheni au simu ili atulie. Nalitaja hili kwa sababu siku hizi simu imekuwa yaya katika nyumba nyingi.

Mwongozo huohuo unasema mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji kulala saa 11 hadi 14 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Wazazi, angalieni jambo hili vizuri. Mtoto anayelia hovyo jioni, anayepiga wenzake na kutupa vitu, mara nyingi hajakosa fimbo. Amekosa usingizi.

JICHO LA MTOTO SI JICHO LA MTU MZIMA

Mtu mzima akiingia jikoni huona hatari kabla haijatokea. Huona mpini wa sufuria umeelekea nje, huona ndoo ya maji imeachwa wazi, huona chupa ya mafuta ya taa sakafuni. Mtoto wa miaka minane au kumi haoni hivyo, hata akiwa mwerevu na mtiifu namna gani. Ubongo wa binadamu unaendelea kukomaa hata baada ya miaka ishirini, na uwezo wa kupima hatari na kukaa macho muda mrefu ni miongoni mwa mambo yanayochelewa kukomaa. Mtoto huyo akiitwa na wenzake kucheza rede, akili inakwenda kwenye rede. Hilo ndilo umbo la utoto, si ubaya wake.

Tena, ajali ya mtoto mdogo haichukui muda mrefu. Chai ya moto inaunguza ngozi yake laini katika sekunde chache. Mtoto anayetumbukia kwenye ndoo au pipa anatangulia kichwa, kwa maana kichwa chake ni kizito kwa kulinganisha na mwili, na hana nguvu za kujiinua. Wala hapigi kelele. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2024 kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani katika mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wenye umri chini ya miaka mitano. Mtoto mdogo hahitaji ziwa wala bahari ili azame. Maji ya kina cha sentimita chache yanamtosha.

"MBONA SISI TULILELEWA NA DADA ZETU?"

Najua yupo atakayesema hivyo, na neno lake lina haki ya kujibiwa. Ni kweli, wengi wetu tulibebwa migongoni na dada zetu. Tulijifunza upendo hapo, na wao walijifunza huruma na uwajibikaji. Sitaki familia zetu zipoteze jambo hilo jema. Mtoto asiyepata kumsaidia mdogo wake hukua akijijua mwenyewe tu.

Lakini tukumbuke ua wa zamani ulivyokuwa. Dada alimbeba mtoto, naye bibi alikuwa amekaa barazani akichambua mboga. Shangazi alikuwa nyumba ya pili. Mama mkubwa alikuwa anapita. Dada hakuwa peke yake. Macho ya watu wazima watatu au wanne yalikuwa juu yake. Leo wengi tunaishi katika vyumba vya kupanga. Bibi yuko kijijini, jirani yuko kazini, na mlango umefungwa. Tumebakiza dada, tukaondoa macho yale mengine yote. Kisha tunashangaa kwa nini mambo hayaendi kama zamani.

Tena tuseme ukweli, hata zamani hizo watoto waliungua na kuzama. Tunaosimulia ni sisi tuliobaki.

TUIANDAE NYUMBA

Wahenga walisema, "Mtoto akililia wembe, mpe." Methali hiyo ina mahali pake, lakini kwa mtoto anayeanza kutembea haifai. Dawa ni kuuondoa wembe asiuone. Nyumba ikiandaliwa vizuri, mtoto hukatazwa mara chache, na dada yake hupumua. Haya ndiyo tuliyoyafanya nyumbani kwetu baada ya ajali ile, na hayakutugharimu fedha nyingi:

Kwanza, kitambaa cha meza tulikiondoa. Chupa ya chai na sufuria ya moto vinakaa katikati ya meza au juu kabisa, na mipini ya sufuria hugeuzwa ndani.

Pili, mahali pa kupikia paliwekewa kizuizi. Fundi wa mtaani alitutengenezea kilango kifupi cha mbao. Anayepikia nje kwenye mafiga anaweza kuzungushia miti au matofali. Mtoto anayemwangalia mdogo asipewe na kazi ya moto.

Tatu, ndoo zote zina mifuniko, na pipa lina kifuniko kizito. Maji ya kufulia yanamwagwa mara kazi inapokwisha. Mwenye kisima au shimo uani alifunike leo, asingoje kesho.

Nne, dawa za hospitali, dawa ya panya, dawa ya kuhifadhia mahindi na sabuni za maji vimefungiwa kabatini. Kwa wale ambao bado tunatumia mafuta ya taa, tusiyaweke kamwe katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto anaijua chupa ya soda. Ataifungua na kunywa.

Tano, karanga, bisi, sarafu, vifungo na betri ndogo za saa havikai sakafuni. Vitu hivi huziba koo la mtoto. Betri ndogo ni hatari zaidi, kwani ikimezwa yaweza kuunguza koo kwa ndani katika muda wa saa chache. Ukishuku kwamba mtoto amemeza betri, mkimbize hospitali bila kungoja dalili.

AJALI IKITOKEA

Kinga ni bora kuliko tiba, lakini ajali haina kinga. Wafundisheni hata watoto wakubwa mambo haya matatu.

Mtoto akiungua, mwondoeni kwenye moto au maji ya moto, mvueni nguo zilizolowa isipokuwa zilizogandamana na ngozi, kisha mwagieni sehemu iliyoungua maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno, wala yai, wala unga, wala mafuta. Funikeni kidonda kwa kitambaa safi, mkimbizeni kwenye kituo cha afya, na njiani mfunikeni asishikwe na baridi.

Akinywa mafuta ya taa, asitapishwe, wala asinyweshwe maziwa ili atapike. Mafuta yanapopanda tena huingia mapafuni, na hapo ndipo penye hatari kubwa. Apelekwe hospitali mara moja, na chupa aliyoinywa ichukuliwe.

Na la tatu ni kwa mtoto mkubwa mwenyewe: piga kelele, mwite mtu mzima yeyote aliye karibu. Mwambieni mapema kwamba hatapigwa kwa kuita. Mtoto anayeogopa fimbo huficha ajali, na muda anaoficha ndio muda mdogo wake anaoupoteza.

NA WAKUBWA JE?

Tunapozungumza juu ya mtoto mdogo, wakubwa husahaulika. Kaka anarudi shule, anakuta daftari la hesabu limechanwa. Akilalamika tunamwambia, "Huyo ni mdogo wako, mwache." Kesho mwalimu anamwadhibu kwa daftari chafu. Keshokutwa akimfinya mdogo wake kichinichini, tunasema ana wivu. Je, sisi wenyewe tumemtendea haki?

Mtoto mkubwa naye ni mtoto. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unamtambulia mtoto haki ya kupumzika na kucheza. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kila siku za kucheza na mazoezi ya mwili. Dada anayetoka shule na kukabidhiwa mdogo mpaka saa ya kulala, huyo amecheza saa ngapi? Amesoma saa ngapi?

Hivyo naomba tufanye mambo madogo yafuatayo. Tuwape wakubwa rafu au mfuko wa kutundika ukutani, mahali ambapo mkono wa mdogo haufiki, wawekee madaftari yao. Tukimpa mtoto mkubwa kazi ya kumwangalia mdogo, iwe ya muda mfupi unaojulikana, mtu mzima akiwa anasikika na anaweza kufika upesi, na isiwe pamoja na kazi nyingine. Badala ya kumwambia "mwangalie," tumwambie la kufanya: "Cheza naye mpira hapa kwenye mkeka mpaka nimalize kuosha vyombo." Hilo analiweza, na atalifurahia. Mtoto mdogo naye humpenda mno mwalimu wa namna hiyo. Maneno mengi huyajifunza kwa kaka na dada zake.

Kazi hii isiwe ya wasichana peke yao. Mwanangu wa kiume siku hizi humwogesha mdogo wake nikiwa nimesimama karibu, na hakuna kilichopungua katika uanaume wake. Tena kila mkubwa apate muda wake na mzazi, hata robo saa kwa siku, ambapo mdogo hahusiki. Mtoto aliyeshibishwa upendo hana sababu ya kumfinya mdogo wake.

BABA NA JUMUIYA

Akina baba, naomba msiufunge ukurasa huu. Baba anayerudi jioni akamchukua mtoto mdogo kwa saa moja, akatembea naye nje, hamsaidii mama kazi zake. Anafanya kazi yake mwenyewe ya ubaba. Saa hiyo moja ndiyo ambayo dada atasoma, na mama atapika bila mtoto miguuni.

Najua pia wako akina mama wanaolea peke yao, wanaolazimika kutoka alfajiri kwenda sokoni ili watoto wale. Siwahukumu. Nilipokwenda mashineni siku ile sikwenda kustarehe. Kwa mama wa namna hii, kumwambia "kaa na mtoto" bila kumwonyesha njia ni kumwongezea mzigo. Njia ipo. Katika Jumuiya Ndogo Ndogo zetu tunachangiana katika misiba na harusi. Kwa nini tusipeane zamu za watoto? Akina mama wanne wa jirani wakipeana zamu, kila mmoja akakaa na watoto asubuhi moja katika ua ulio salama, kila mama anapata asubuhi tatu za shughuli zake. Mabinti zetu nao wangekwenda shule na mafundisho ya Komunio ya Kwanza bila kuchelewa. Jambo hili halihitaji mfadhili. Linahitaji kikao kimoja baada ya sala.

Nimalizie kwa jambo lililonichukua muda mrefu kulifanya. Zilipita wiki mbili tangu ajali ile ndipo nikamwita binti yangu, nikamwambia: "Mwanangu, siku ile hukukosa wewe. Nilikosa mimi. Nisamehe." Nilidhani heshima yangu ya mzazi itapungua. Haikupungua. Alilia, nami nikalia, kisha akaniuliza kama anaweza kumbeba mdogo wake. Tangu siku ya ajali alikuwa hajamgusa, akiogopa.

Ndugu mzazi, huenda nawe una mtoto mkubwa nyumbani anayebeba kosa ambalo halikuwa lake. Usingoje wiki mbili. Zungumza naye leo jioni. Na kabla hujalala, zunguka nyumba yako ukiwa umechuchumaa, kimo cha mtoto wako mdogo, uone mkono wake unafika wapi. Utakachokiona hapo, kiondoe wewe mwenyewe. Usimwachie dada yake.

Mungu azibariki familia zetu.